Mikono ya Mama Inanuka Majani

Benchi letu liko pale njia ya kwenda banda la kupimia majani inapotoka kwenye barabara ya Mogogosiek. Ni ubao mmoja tu uliong'olewa kwenye bodi ya lori, ukalazwa juu ya mawe. Mimi ni Ongeri. Nakaa mwisho wa kulia nikiziba gumbuti, viatu vya mpira vya wachuna majani, ndiyo maana wananiita Gamubuti. Katikati hukaa mzee Kipkurui, mwenye ekari mbili za chai na ng'ombe watatu. Tunamwita Hansard, kama ile rekodi ya Bunge, kwa sababu kila neno lake anataka liingie kwenye rekodi. Joab Oyugi anachochea kuni kiwandani, basi ni Boila. Zack wa bodaboda ni Bando, simu yake haijawahi kuishiwa data hata siku moja. Elmina mwenye birika hatujampa jina, maana ukimtania unanyimwa kahawa. Ndiyo, kahawa. Majani chai huku kwetu ni ya kuuza. Ijumaa hiyo asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magurudumu ya pikipiki ya Zack, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja jambo lililotukalisha pale.

— Watoto wako aje? — Elmina ndiye aliyethubutu. Alimpa Joab kikombe, akabaki amesimama.

— Wametoka hospitali jana. Jairus ako sawa. Huyo ni miaka mbili, ameshasahau. Shida ni Amondi. Hataki kulala. Anakaa tu akiangalia mlango.

Amondi na Jairus ni watoto wa Adongo, dada yake Joab, mchuna majani anayekaa kwenye zile nyumba za laini za wafanyakazi nyuma ya msitu wa mikaratusi. Amondi ana miaka minane. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo yeye ndiye aliyekuwa akimlinda mdogo wake mchana.

Hansard alikohoa.

— Boila, kwa rekodi, hebu tuambie vile ilienda. Huku kila mtu ako na yake. Bibi yangu ameniambia nyumba ilichomeka.

— Hakuna kitu ilichomeka, — Joab akasema. — Jumanne mvua ya mawe ilinyesha saa nane. Watu wa kuchuna wakaambiwa waende nyumbani. Adongo kawaida anafika saa kumi na moja. Siku hiyo alifika saa tisa, amelowa mpaka kwa mifupa. Akapata mlango imefungwa komeo ndani. Dirisha pia. Akabisha. Amondi akauliza, nani? Akamwambia, ni mama. Mtoto akanyamaza.

— Pengine alikuwa amelala, — Hansard akasema.

— Wapi! Alinyamaza, halafu akasema, mama anakujanga saa kumi na moja.

Zack alitoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Joab aliendelea, macho kwenye kikombe.

— Adongo alicheka kwanza. Alidhani ni mchezo. Akamwambia, nyathina, mtoto wangu, fungua, mama anaganda huku nje. Mtoto akasema, sauti ni ya mama, lakini hata yeye anajua kutoa hiyo sauti.

— Yeye nani? — Elmina akauliza.

— Ndiyo hiyo hata Adongo aliuliza. Yeye nani? Basi Adongo akaimba. Ule wimbo amekuwa akiwaimbia tangu wazaliwe, wa nyanya yetu. Hapo ndipo Amondi alianza kulia. Akaita, mama! Mama, imekuja, imejua wimbo! Sasa nyinyi sikieni vizuri. Hakuwa anamwita yule ako mlangoni. Alikuwa anaita mwingine.

Elmina alijishika bega kama mtu aliyepigwa na upepo.

— Ule mlango chini mbao imeoza, kuna nafasi. Adongo akapitisha mkono. Akamwambia, nusa, si ni majani? Si unajua mikono yangu? Akahisi pua ya mtoto kwa vidole. Halafu mtoto akarudi nyuma. Akasema, ndiyo, hata yeye alijipaka majani.

— Yesu, — Elmina akasema.

— Akamwambia, basi inama uangalie gumbuti zangu. Mtoto akainama. Akaona ile ya kushoto iko na kiraka chekundu. Asubuhi wakati mama yake alitoka kulikuwa bado giza, hakuwa ameiona hiyo kiraka. Akapiga nduru. Akasema, umekula mama, umevaa viatu vyake.

Nikaweka chini kopo la gundi. Kiraka kile nilikibandika mimi, Jumatatu jioni, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nilichagua chekundu kwa sababu cheusi kilikuwa kimeisha.

— Na ndani kulikuwa na jiko, — Joab akasema, sauti imeshuka. — Amondi alikuwa amewasha makaa ampikie mdogo wake uji. Sasa akachukua blanketi akaziba ile nafasi ya chini, ule mkono usirudi. Hewa ikaishia hapo. Adongo alipiga hiyo mlango karibu nusu saa. Akasikia Jairus analia, halafu akasikia halii tena. Mimi nilikuwa natoka shifti nikasikia dada yangu. Sijawahi kusikia mtu hivyo. Nikavunja dirisha na shoka ya kuni. Walikuwa chini ya kitanda. Amondi amemziba mdogo wake mdomo na mkono, ili asisikike. Jairus alikuwa kama kitambaa.

Hakuna aliyekunywa.

— Bando hapa ndiye aliwabeba mpaka hospitali, — Joab akaongeza, akimgusa Zack goti. — Kwa hiyo matope. Daktari alisema dakika kumi zingine, hakuna mtoto. Mungu akubariki, kijana.

Zack alisogeza goti.

— Sasa, — Hansard akaanza, akijinyoosha, — kwa rekodi, hii kitu mimi naijua. Hii ni chemosit. Kogo, nyanya yangu, alituambia. Nusu mtu, nusu ndege, mguu ni moja, mdomo inawaka kama makaa. Inakaa msituni. Sasa msitu umekatwa, itakaa wapi? Imeshuka kwa watu. Na wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Chemosit iko na mguu moja, inaenda pole, haijikwai.

— Mzee, — nikasema, — kule mlangoni alikuwa Adongo.

— Siku hiyo, ndiyo. Lakini mtoto alijuaje kuogopa? Mtoto haogopi kitu hajaona. Pengine ilikuja Jumatatu, mama yake akiwa kazini, ikajaribu sauti. Jumanne Adongo akalipia. Lakini msiwe na wasiwasi sana. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

— Hiyo inasaidia nini? — Joab akauliza.

— Si mtu anabaki kidogo?

Siku nyingine tungecheka. Zack alisema haraka haraka:

— Ni makaa, mzee. Ile moshi ya makaa inafanya mtu aone vitu. Niliona kwa video. Ni sayansi tu.

— Mtoto alianza kukataa mlango kabla hewa iishe, — Elmina akasema. — Na si Amondi peke yake. Kwenye laini kuna nyumba sita watoto hawafungui. Rodah wa huko ananunua kwangu maziwa, ameniambia msichana wake anataka aonyeshwe meno kwanza. Na mimi niwaambie kitu sijaambia mtu. Jumapili nikijitayarisha kwenda kanisani, mtu ameniita huko nje. Elmina. Mara moja tu. Ilikuwa sauti ya mama yangu.

Mama yake Elmina tulimzika mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilishika kamba ya jeneza.

— Ukaitika? — Hansard akauliza.

— Nilifunga mlango na kiti. Kanisa sikuenda.

Hansard alivuta koti. Ukungu ulikuwa umefunika banda la majani sasa, hatukuona hata paa. Sauti za watu waliopanga foleni kule zilitufikia bila miili.

— Basi wacha niseme yote, — mzee akasema, polepole. — Mjukuu wangu, Chelangat. Juzi nimetoka kukamua, nikabisha. Akaniuliza, kugo, babu, ulikunywa nini asubuhi? Nikamwambia mursik, yale maziwa ya kibuyu. Akasema, umebahatisha. Hakufungua. Nilisimama kwa mlango yangu na ndoo ya maziwa kama mwizi, mpaka bibi akarudi. Na niwaambie ingine. Nilisimama pale nikajiuliza, na kama bibi mwenyewe ndiye amebadilishwa? Tangu Krismasi anapunguza chumvi. Miaka arobaini chumvi ilikuwa sawa!

— Mzee, wacha, — Elmina akasema.

— Nasema tu! Zile mashine za kuchuna ziliingia, zikachukua kazi ya mikono ya watu. Tukanyamaza. Kitu ikishachukua mikono, bana, itashindwa na sauti? Nani amehesabu akina mama wanaoingia kwa majani asubuhi na wale wanatoka jioni? Pengine wanaotoka ni wengi kuliko wale waliingia!

Nilijikuta nikiangalia kule majani yanakoanzia, mimi mtu mzima, mwenye wajukuu. Elmina naye aliangalia. Gunia lilianguka kule bandani, pah, na wanne kati yetu tukaruka.

Ni Joab tu ambaye hakuruka. Alikuwa ametoa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka.

— Hii ni ya Adongo, — akasema. — Jana usiku Amondi aliniambia. Si kitu ya msitu. Ni hadithi. Ilitumwa kwa grupu ya wazazi, mtu akasema ni nzuri ya kutuliza watoto likizo. Adongo hakuisikiza, alimwachia tu simu Jumapili akifua. Mtoto ameisikiza mara tano. Mimi sijaisikiza. Nilitaka tuisikize pamoja, maana peke yangu, wacha niseme ukweli, nimeogopa.

— Si lazima, — Zack akasema. — Boila, si lazima, bro. Futa tu.

Joab alibonyeza.

Ikatoka sauti ya mwanamke, laini sana, karibu na sikio. "Karibu, mtoto mzuri. Ile hadithi ya zimwi na watoto wawili unaijua. Shuleni wanakwambia sungura alikuja na watoto wakaokoka. Wanakudanganya, mtoto mzuri. Leo zimwi halifi."

Hadithi yenyewe kila mtu aliyelelewa na nyanya anaijua. Mama anawaficha watoto ndani ya nyumba, anawafundisha wimbo, wasifungue mpaka wausikie. Zimwi linausikia, linaimba kwa sauti nzito, watoto wanalicheka. Katika hadithi yetu ya zamani linashindwa. Katika hii ya simu, zimwi lilimeza jiwe la moto mpaka koo likalainika. Likaimba, "Wanangu wawili, toeni komeo, mikono ya mama inanuka majani." Watoto wakasema tupe mkono tunuse, na zimwi lilikuwa limejipaka majani mabichi. Wakachungulia chini ya mlango, wakaona gumbuti za mama zenyewe, ila moja ilikuwa na kiraka ambacho asubuhi hakikuwepo. Wakafungua hivyo hivyo, kwa sababu walikuwa na njaa. "Na zimwi likaingia," sauti ikasema, "likawapikia ugali. Linawapikia mpaka leo. Mama yako akirudi, mtoto mzuri, mwangalie vizuri."

Joab alizima. Kahawa ilimmwagikia kwenye suruali na hakuifuta.

— Huo wimbo, — akasema. — Huo ni wa nyanya yangu. Jana Amondi akinisimulia nilishuku, asubuhi nikamwambia pengine ni sisi wa benchi tulitunga. Mimi nilimwimbia nani huo wimbo?

Sote tulijua alimwimbia nani. Wiki tatu nyuma, kwenye benchi hilo hilo, Zack alituambia ameanzisha chaneli. Hadithi za watoto, lakini za giza, maana zile tamu hazina watazamaji. Akatuuliza, wazee, mkitaka hii ya zimwi itishe kabisa, mtaifanyaje? Tukafurahi. Ni nani humuuliza mzee kitu siku hizi? Tulikaa mpaka birika likakauka, kila mmoja akishindana na mwenzake.

— Jiwe la moto nilisema mimi, — Hansard akasema. Alisema bila rekodi, kwa sauti ndogo. — Kogo yangu hakusema hivyo. Niliongeza.

— Zimwi kujipaka majani ni mimi, — Elmina akasema, na akafunika mdomo kwa leso. — Nilikuwa nacheka. Mungu wangu, nilikuwa nacheka.

Walinigeukia. Nilikuwa nimeshika gumbuti ya mtu, mkono mzima ndani mpaka kiwiko.

— Kiraka ni changu, — nikasema. — Nilisema watoto huangalia viatu kwanza.

Joab alimgeukia Zack.

— Na hiyo sauti?

— Ni yangu. Kuna app inabadilisha inakuwa ya mwanamke. — Zack alikuwa analia sasa, bila kujificha. — Boila, nilijua tangu Jumanne. Nikiwabeba, Adongo ameshika mdogo nyuma, Amondi nimemweka mbele yangu kwa tangi. Akazinduka kwa ile baridi. Nikamwambia, tulia, mtoto mzuri. Yaani imenitoka tu. Alinigeukia akaniangalia usoni. Maze, sijui niseme aje. Alipiga nduru akataka kuruka, na tuko kwa mteremko wa mto. Nilimshika na mkono moja. Akaniuma. — Akavuta mkono wa jaketi. Alama za meno zilikuwa pale, ndogo, duara kamili.

— Futa hiyo kitu, — Joab akasema.

— Nilifuta siku hiyo hiyo. Lakini watu wameshaidaunilodi. Imefika Ndanai, imefika Chepilat. Kuna mtu ameitafsiri kwa Kikisii. Jana nimetumiwa moja, si sauti yangu. Mtu ameongeza. Sasa zimwi linajua hata jina la mwalimu.

— Ameongeza nini tena?

— Sikumaliza kuisikiza. Niliogopa.

Joab alisimama. Nilidhani atampiga, na Zack pia alidhani hivyo, maana hakuinua mikono. Lakini Joab alibaki amesimama tu, ngumi zimefungwa, kwa sababu kutoka ndani ya ukungu watu wawili walikuwa wanakuja.

Mbele alikuwa Adongo, kitambaa kichwani, miguu ndani ya malapa. Zile gumbuti hakuvaa. Nyuma yake, hatua kama sita, alikuja Amondi. Mama akisimama, mtoto anasimama. Mama akitembea, mtoto anatembea. Hawakushikana mikono.

Mtoto mwenyewe ni mwembamba, amenyolewa, sweta ya shule imetoboka kiwiko. Sikuwahi kumwona kwenye benchi letu. Alipofika alituangalia mmoja mmoja, na Zack akainamisha kichwa.

— Mnisamehe kuwaingilia, — Adongo akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele, na nikawaza, Mungu anisamehe, nikawaza kwamba haikuwa sauti yake. — Amondi amesema anataka kuona watu wa ile hadithi. Nimemwambia ni watu tu. Ni wajomba wake na mama wa kahawa. Amesema ako na swali moja. Akijibiwa, atalala.

— Uliza, mama, — Hansard akamwambia mtoto kwa upole. — Uliza chochote. Ile ilikuwa uongo. Sisi wazee tulitunga.

— Najua ilitungwa, — Amondi akasema. — Mjomba aliniambia asubuhi.

— Sasa unaogopa nini?

Amondi alimwangalia mama yake kwa pembe ya jicho, haraka, halafu akarudi kwetu.

— Zimwi liliingia kwa nyumba, — akasema. — Likapika. Watoto wakakula. — Alikuwa anahesabu kwa vidole, kama anavyofundishwa darasani. — Sasa mama wao mwenyewe alienda wapi?

Elmina aliangalia makaa chini ya birika. Mimi nilirudi kichwani mpaka siku ile ya wiki tatu nyuma, nikatafuta. Tulikuwa tumebishana juu ya koo la zimwi, juu ya vidole vyake, juu ya kiraka kiwe upande gani. Hakuna hata mmoja aliyemuulizia yule mwanamke. Alikwenda kazini asubuhi, hadithi ikaendelea bila yeye.

— Alikufa? — Amondi akauliza.

— Hapana, — Joab akasema mbio. — Hapana, nyathina, hakufa.

— Basi ako wapi?

Joab alimgeukia dada yake.

— Mwambieni, — Adongo akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatuomba, na machozi yalikuwa yanamtoka akituomba. — Tafadhali. Nyinyi ndio mlimtoa kwenye hadithi. Mwambieni huyo mama yuko wapi.

Kule bandani mtu aliita jina, na jina likapotelea kwenye ukungu bila kuitikiwa. Amondi alingoja. Alipoona hakuna anayejibu, alipanda kwenye benchi, akaketi kati yangu na Zack, miguu ikining'inia, akaweka mikono mapajani ili aendelee kungoja.